Posho ya Safari Isivushe Maradhi

Kila ifikapo miezi ya likizo, na hasa mwisho wa mwaka, misafara ya wananchi hutoka Mwanza kwenda nchi jirani. Wako wanaopita Magu, Bunda na Tarime hadi Sirari, wakaingia Kenya kwa Isebania na kuelekea Kisumu au Nairobi. Wako wanaozunguka ziwa kwa upande wa magharibi, ambao tangu Juni 2025 wanavuka kwa daraja la Kigongo na Busisi badala ya kungoja kivuko, kisha wakashika njia ya Bukoba na Mutukula hadi Kampala, au ile ya Rusumo hadi Kigali. Wamo wanakwaya, washabiki wa mpira, na jamaa wanaokwenda arusini au kuwaona ndugu. Na ni nadra kuuona msafara usiobeba chakula.

Jambo hili si la kulaumiwa. Mwenye kwenda kwa watu haendi mikono mitupu. Debe la mchele, kifurushi cha dagaa wakavu, michembe, karanga na chupa ya samli ni heshima kwa mwenyeji na ni ukumbusho wa nyumbani kwa ndugu aliyehamia mbali. Tena, mzazi mwenye watoto watano hawezi kula hotelini njia nzima. Kufunga posho ni busara ya tangu zama za mababu zetu, waliokwenda pwani na kurudi kwa miguu.

Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo wasafiri wengi huyachanganya, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha ugomvi mwingi mpakani. Mambo hayo ni ushuru na afya.

Kuhusu ushuru, hali imebadilika sana. Wazee wanakumbuka kwamba Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba, 1999. Umoja wa Forodha ukaanza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Leo mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, anaweza kupewa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, asitozwe ushuru wa forodha.

Basi yule aliyesikia habari hizi husema, "Mpaka umefunguliwa, unanikagua nini?" Hapo ndipo anapokosea. Kusamehewa ushuru si kusamehewa ukaguzi wa afya. Mpaka umefunguliwa kwa mtu na mali yake. Mdudu na ugonjwa havina uraia wala haki ya kupita.

Historia ya nchi hizi inatufundisha hivyo kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1880, ng'ombe walioletwa kwa meli pwani ya Eritrea waliingia na sotoka. Katika miaka michache tu maradhi hayo yalishuka kusini hadi huku kwetu, yakateketeza mifugo na kuwaacha wafugaji hawana maziwa, nyama wala mahari. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya dunia kutangaza, mwaka 2011, kwamba sotoka imetokomezwa.

Mfano wa pili unajulikana na kila mkulima wa mahindi. Mnamo miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, mkoani Tabora alionekana mdudu mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, mwenye kutoboa punje hadi ghala likabaki unga mtupu. Ni dumuzi, ambaye wakulima walimbandika jina la Scania, kama lile lori. Hakuvuka bahari kwa mabawa yake. Alisafirishwa na binadamu ndani ya chakula. Kutoka Tabora akaenea nchini na kuvuka hadi nchi jirani.

Mfano wa tatu uko jirani zaidi nasi. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeingia mkoani Kagera. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na pia huenezwa na mikono yetu, kwa panga lililokatia mgomba mgonjwa na kwa mche uliochukuliwa katika shamba lenye ugonjwa. Mtu hupewa mche mzuri na shemeji yake, akauficha chini ya kiti cha gari, akafurahi kwamba hakuonekana. Anayelipa ni kijiji kizima, maana shina likishaugua halina dawa ila kung'olewa. Kwa Mhaya mgomba ni chakula, ni kivuli, ni urithi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wala asiseme mtu kwamba ukaguzi huu ni mateso waliyobuniwa Waafrika. Watu wa Ulaya hupenda kwenda likizo nchi za nje wakikokota nyuma ya magari yao vijumba vya magurudumu vyenye jiko na kabati la chakula. Uingereza ilipokwisha kujitoa katika soko la Umoja wa Ulaya, mwezi Januari 2021, maofisa wa forodha wa Uholanzi waliwanyang'anya madereva kutoka Uingereza hata mikate iliyotiwa nyama. Nao Waingereza, mwezi Aprili 2025, waliwakataza wasafiri kuingiza nyama na maziwa kutoka nchi za Umoja huo, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Wakubwa wenye hospitali za mifugo kila wilaya wanaogopa kipande cha nyama. Sisi ambao ng'ombe ndiye benki yetu tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa.

Basi msafiri afanyeje? Kwanza, achague. Chakula kilichopikwa, kilichokaangwa au kilichokauka vizuri kina hatari ndogo. Mchele uliokobolewa na michembe havichipui. Kuku hai, nyama mbichi, maziwa yasiyochemshwa, mbegu, miche, marando ya viazi na kitu chochote chenye udongo visibebwe bila kibali cha mifugo au cheti cha afya ya mimea. Pili, aulize kabla ya safari, maana masharti hubadilika ghafla. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Tatu, atangaze alichobeba. Aliyetangaza, hata akinyimwa ruhusa, hupoteza kifurushi. Aliyeficha hupoteza kifurushi na heshima.

Lakini wajibu huu hauwezi kuwa wa upande mmoja. Mwananchi hatii sheria asiyoijua. Haifai mama atoke Mwanza alfajiri, afike mpakani jioni, ndipo aambiwe kuwa samli yake hairuhusiwi. Orodha ya vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa yapasa ibandikwe katika vituo vya mabasi vya Nyegezi na Buzuruga na bandarini, kwa Kiswahili chepesi, na makondakta waisome kabla ya gari kuondoka. Chakula kinachozuiliwa kiandikiwe hati yenye kutaja sababu, na kiteketezwe mbele ya mwenyewe. Chakula kilichozuiliwa kwa jina la afya kisha kikaonekana mezani kwa aliyekizuia, hicho ni dhuluma, na dhuluma ya namna hiyo ndiyo inayowafundisha watu njia za panya.

Aidha, serikali za nchi zetu zishauriane kabla ya kuadhibiana. Mwezi Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kwa njia ya Namanga viliteketezwa kwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini moshi ule uliacha uchungu kati ya ndugu. Ukaguzi wa pamoja katika vituo vya Mutukula na Rusumo, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, unatoa nafasi ya kumaliza mambo kwa maneno.

Tunawatakia wasafiri wote heri. Wabebe zawadi zao, wakale na ndugu zao. Ila kila mmoja, kabla ya kufunga furushi, ajiulize kama yuko tayari kukila kilichomo mbele ya mkaguzi na kukipanda katika shamba lake mwenyewe. Kama ana shaka, akiache nyumbani.