Mboji Inayolinda Barafu

Stordalen ni kinamasi kilicho karibu na kijiji cha Abisko, kaskazini mwa Sweden, kilomita zipatazo 200 juu ya Duara la Aktiki. Wakati wa kiangazi utaona vilima vifupi vyenye vichaka vikavu, na katikati yake madimbwi na majani mabichi. Chimba kwenye kilima na haitachukua muda sululu kugonga barafu. Chimba pembezoni mwa dimbwi, hatua chache tu kutoka hapo, na huenda usiikute kabisa.

Joto la Abisko limepimwa tangu 1913. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wastani wa mwaka ulikuwa chini kidogo ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kufikia 2006 ulikuwa umepanda kwa nyuzi 2.5 na kuvuka sifuri. Kwa hesabu ya haraka, barafu ya ardhini ilipaswa kuwa imekwisha. Bado ipo, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka, na sababu ya kudumu kwake ni udongo ulioifunika.

Udongo huo ni mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyolala majini pasipo hewa ya kutosha, yakashindwa kuoza yakaisha, yakarundikana kwa maelfu ya miaka. Sehemu kubwa ni sifagnamu, mimea mifupi laini isiyo na mizizi. Kiangazi kinapokausha tabaka la juu, vishimo vidogo ndani ya mboji hujaa hewa, nayo huzuia joto lisipenye chini, mithili ya godoro la sufi. Mvua za kabla ya msimu wa baridi huilowesha upya, kisha inaganda. Mboji iliyolowa ikaganda ina tabia nyingine kabisa, kwa sababu barafu hupitisha joto takriban mara nne kuliko maji. Basi kiangazi joto haliingii kwa urahisi, na msimu wa baridi linatoka kwa urahisi. Ndiyo maana upande wa kusini wa ukanda wa ardhi iliyoganda, ardhi ya mawe na mchanga imekwisha kuyeyuka zamani ilhali vinamasi vimebaki na barafu yake.

Theluji nayo ina mchango ambao wengi hawautarajii. Mtu anaweza kudhani theluji nyingi ni neema kwa barafu. Ni kinyume chake: theluji nene huzuia baridi ya hewani isifike ardhini. Katika miaka ya 1970 mwanajiografia wa Finland, Matti Seppälä, alichagua kipande kidogo cha kinamasi huko Lapland akawa anaondoa theluji juu yake msimu wa baridi baada ya msimu. Barafu ikabaki chini ya kipande hicho hata kiangazi kilipopita, na ardhi ikaanza kuinuka. Alikuwa ametengeneza kwa koleo kilima kichanga cha aina inayoitwa palsa. Karibu na Abisko watafiti walifanya jaribio la upande wa pili kuanzia 2005: walisimamisha uzio unaokusanya theluji, na chini ya theluji hiyo nene barafu ikayeyuka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo hatari ya vinamasi hivi haitoki kwenye kiangazi cha joto peke yake. Msimu wa baridi wenye theluji nyingi unaweza kuviumiza vilevile.

Palsa inapoanza kufa, huanzia kingoni. Barafu ya ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa imekiinua kilima, inayeyuka. Vipande vya mboji vinakatika na kuporomoka majini. Ardhi inashuka hadi usawa wa maji au chini yake. Vichaka vya juu vinakufa kwa kuzama. Mahali pake huota sifagnamu ya majini, halafu mimea ya jamii ya ndago, ukoo uleule wa mafunjo yanayojaa kandokando ya Ziwa Victoria.

Hapo ndipo gesi inapobadilika. Kwenye kilima kikavu mboji inapooza hutoa zaidi hewa ukaa, kwa kuwa oksijeni ipo. Kwenye mboji iliyozama oksijeni imekwisha, na kazi huchukuliwa na vijiumbe vinavyotengeneza methani. Kimoja kati ya hivyo kilielezwa mwaka 2014 kikapewa jina la kinamasi chenyewe, Methanoflorens stordalenmirensis. Sehemu ya methani huliwa na vijiumbe vingine inapopita kwenye tabaka la juu lenye hewa. Lakini ndago zina mashina yenye nafasi tupu ndani, yanayopeleka hewa mizizini, na njia hiyohiyo huipandisha methani moja kwa moja hadi angani bila kupita kwa vijiumbe hivyo. Kinamasi kilichojaa ndago, kwa lugha nyepesi, kina mabomba maelfu.

Kati ya 1970 na 2000, maeneo makavu yenye barafu huko Stordalen yalipungua na yenye maji yakaongezeka. Watafiti walikadiria kwamba methani inayotoka kwenye kinamasi kizima iliongezeka kwa asilimia 22 hadi 66. Tani moja ya methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko tani moja ya hewa ukaa. Kwa miaka 20 ya mwanzo ni zaidi ya mara 80.

Magazeti hupenda kuita jambo hili bomu. Mimi silipendi neno hilo, kwa sababu vinamasi havilipuki, na hesabu yake ina pande mbili. Sifagnamu na ndago zinazostawi baada ya kilima kuporomoka hufyonza hewa ukaa na kuanza kujenga mboji mpya. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu vinamasi vya Kanada ulikuta kaboni ya kale iliyokuwa imeganda inatoka kwa kiasi kidogo kuliko ilivyohofiwa, na kwamba baada ya kuyeyuka mboji mpya huongezeka. Methani nyingi inatokana na mimea ya juzi juzi tu. Anayetaka kujifariji atasimama hapo. Lakini kinamasi kinaweza kukusanya kaboni zaidi na bado kikaongeza joto, ikiwa kile kidogo kinachotoka kinatoka kwa sura ya methani. Kwa muda wa maisha ya wajukuu wetu, sura ya gesi ina uzito kuliko idadi ya tani. Makadirio ya 2020 yaliweka kaboni ya vinamasi vya kaskazini kuwa tani bilioni 415 hivi, karibu nusu yake ikiwa kwenye maeneo yenye barafu, na yakaonyesha kwamba kuyeyuka kutavigeuza kuwa chanzo cha joto kwa karne kadhaa.

Sisi wa Afrika tunalo bonde la Kongo la kulinganisha. Mboji ya Cuvette Centrale, iliyochorwa ramani kwa mara ya kwanza 2017, ina takriban tani bilioni 30 za kaboni, na haijawahi kuona barafu. Inatunzwa na maji peke yake. Miaka ipatayo 5,000 iliyopita hali ya hewa ya huko ilianza kukauka, na kabla ya unyevu kurudi, miaka kama 2,000 iliyopita, tabaka nene la mboji lilikuwa limeoza na kupotea. Tofauti kati ya Kongo na Abisko ni kwamba serikali inaweza kukataza mfereji wa kukausha kinamasi usichimbwe Kongo. Hakuna serikali inayoweza kuweka baridi Abisko.

Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds walikokotoa mwaka 2022 kwamba ifikapo miaka ya 2040 hali ya hewa ya Sweden, Norway na Finland haitafaa tena kutunza vinamasi vilivyoganda, hata gesi zikipunguzwa kwa juhudi kubwa kuliko zote. Siberia ya Magharibi ina nafasi zaidi: hatua kali zinaweza kuokoa sehemu ya kaskazini. Vinamasi vilivyoganda vya Ulaya na Siberia ya Magharibi kwa pamoja vina hadi tani bilioni 39 za kaboni.

Katika taarifa rasmi za kimataifa, nchi huripoti gesi za ardhi inayosimamiwa na watu. Methani ya kinamasi cha asili kinachoyeyuka chenyewe haimo katika ahadi ya nchi yoyote. Hata hivyo IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, lilipokadiria katika ripoti ya 2021 kiasi cha hewa ukaa ambacho dunia bado inaweza kutoa kabla ya ongezeko la joto kupita nyuzi 1.5, lilikata kwanza fungu kwa ajili ya ardhi inayoyeyuka, kisha ndipo likataja kilichobaki cha kugawana.