Mwamuzi wa Bao na Kazi Yake

Kikundi kikitaka kuchangisha pesa, mashindano ya bao ni njia rahisi. Kiingilio kidogo, mbuzi mmoja wa zawadi, na watu watakuja. Kule Lamu, bao hushindaniwa kwenye Tamasha la Utamaduni pamoja na mbio za punda na za majahazi. Lakini mbuzi huyo mmoja aweza kuvunja kikundi ikiwa mwamuzi hajui kazi yake.

Kwanza kubalianeni mnacheza bao gani. Mtwapa yetu ni mji wa watu wengi. Ndugu zetu waliotoka Nyanza wamezoea ajua, ya safu mbili na mashimo 16. Bao la Kiswahili lina safu nne, mashimo 32 na kete 64. Mwamuzi aeleze masharti mbele ya wote, hasa yale ya nyumba, maana hapo kila mzee ana yake. Kisha azihesabu komwe yeye mwenyewe. Kila mchezaji aanze na 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani kwake. Zile 22 zabaki mkononi.

Sheria inayoleta kelele ni ya kula. Ukiweza kula, lazima ule. Huwezi kutakasa eti umeona faida mbele. Na zamu ikianza kwa kutakasa huisha kwa kutakasa, hata kete ya mwisho ikikaribiana na shimo nono la mwenzio. Wengine husahau, wengine hujisahaulisha.

Je, mwamuzi aseme au anyamaze? Sisi twaona aseme, lakini kwa kipimo. Mtu akianza kutakasa na kula kupo, amwambie tu, "Kula kupo." Asionyeshe shimo! Pengine kuna mashimo mawili ya kulia, na kuchagua ni kazi ya mchezaji. Mwamuzi akinyoosha kidole, sasa wanacheza wawili kwa mmoja.

Kete mbili zikidondoka shimo moja, au shimo likirukwa, asimamishe mkono palepale. Bao haliachi alama. Mkono waweza kuzunguka mara kadhaa katika zamu moja, na ukishatulia hakuna awezaye kurudisha kete zilivyokuwa. Kwa hiyo lalamiko litolewe kabla mpinzani hajacheza zamu yake. Baada ya hapo limekwisha, hata likiwa la kweli. Linauma, lakini bila hivyo mtabishana mpaka magharibi. Mafundi hupenda kutupa kete haraka haraka ili washangiliwe. Mwamuzi ana haki ya kuwaambia wapunguze mwendo.

Halafu kuna watazamaji. Barazani kila mtu ni fundi, na kikohozi kimoja chaweza kuwa ni ujumbe. Wakae mbali kidogo na ubao. Anayetaja shimo aonywe mara moja, akirudia atoke, hata akiwa mwenyekiti.

Mwamuzi asiwe ndugu wa mchezaji wala aliyemtoa mbuzi. Kwenye fainali wekeni wawili, kila mmoja aangalie mikono ya upande mmoja.

Mchezo huisha safu ya mbele ya mmoja ikiwa tupu, au, kete za mkononi zikishakwisha, akikosa shimo lenye kete mbili au zaidi la kuanzia. Matokeo yaandikwe daftarini na wachezaji wote wawili watie sahihi, ndipo mbuzi afunguliwe kamba.