California: wawindaji wagawanyika juu ya marufuku ya masasi ya plombi

Katika Kiswahili, neno «risasi» lina maana mbili. Ni kile kinachotoka ndani ya bunduki, na ni jina la madini mazito na laini ambayo wengi kwetu wanaita plombi. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Lakini katika jimbo la California, Marekani, sheria imevitenganisha: tangu tarehe 1 Julai 2019, mwindaji haruhusiwi kuua mnyama wa pori kwa masasi ya plombi, popote pale katika jimbo hilo.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi na gavana Jerry Brown mwezi wa Oktoba 2013, na hakuna jimbo lingine la Marekani lililokuwa limefika mbali namna hiyo. Wawindaji wengi waliipokea kwa hasira, wengine waliikubali. Mabishano yao yanatugusa hata sisi, sababu yanauliza swali ambalo kila mtu anayeishi kando ya mbuga analijua: sheria ya kulinda wanyama inafanya kazi namna gani porini, ambako hakuna polisi nyuma ya kila mti?

Walibaki 22 tu

Mwenye kuleta mambo hayo yote ni kondori wa California, ndege mkubwa anayekula mizoga kama tumbusi wetu. Akifungua mabawa, yanafika karibu mita 3. Katika mwaka wa 1982, walikuwa wamebaki 22 tu katika dunia nzima. Katika mwaka wa 1987, wa mwisho aliyekuwa angali porini alikamatwa, na wote wakafugwa ili wazae. Kuanzia mwaka wa 1992, wakaanza kurudishwa porini kidogo kidogo. Leo hii hesabu yao inapita 500, na zaidi ya nusu wanaruka huru.

Lakini wakirudi porini, wanakuta sumu. Mwindaji akiua kulungu, kawaida anampasua palepale, anabeba nyama na kuacha matumbo. Risasi ya plombi ikiingia mwilini kwa mwendo mkali, inavunjika vipande. Picha za radiografia zimeonyesha vipande mamia ndani ya kulungu mmoja, vingine vidogo kama punje ya mchanga, na vingine vikiwa mbali na tundu la risasi. Kondori anavimeza pamoja na matumbo. Tumbo lake linayeyusha plombi, inaingia katika damu, kisha chakula kinaacha kushuka. Ndege anaweza kufa kwa njaa wakati chakula kimejaa kooni.

Kondori anataga yai moja tu, mara nyingi kila miaka miwili, na anakawia miaka 6 ao zaidi mbele ya kuanza kuzaa. Kila kifo ni hasara kubwa. Katika vifo vya porini ambavyo sababu yake ilijulikana, karibu nusu vililetwa na plombi. Katika mwaka wa 2006, watafiti walitangaza kwamba walikuwa wamelinganisha plombi ya katika damu ya kondori na ile ya masasi yanayouzwa madukani, na alama zake zilifanana. Mwaka uliofuata, gavana Arnold Schwarzenegger alitia sahihi sheria ya kwanza, ambayo ilihusu tu maeneo ambako kondori wanaishi. Ile ya 2013 ikapanua marufuku katika jimbo zima.

«Wanatutafuta sisi»

Malalamiko ya kwanza ya wawindaji ni bei. Masasi ya shaba, ambayo ndiyo yanachukua nafasi ya plombi katika bunduki za kuwindia wanyama wakubwa, yanauzwa ghali zaidi. Kwa bunduki ndogo ya kalibri .22, inayotumiwa kuwinda kindi na sungura, shida ni kubwa zaidi: masasi yasiyo na plombi yanapatikana kwa shida, na wengi wanasema hayapigi sawasawa.

Siku ileile ya 1 Julai 2019, sheria nyingine ya California ilianza kudai kwamba kila mtu anayenunua masasi achunguzwe kwanza dukani. Na tangu mwaka wa 2018, anayeagiza masasi kwa intaneti ni lazima ayapokee kupitia duka lenye kibali. Kwa mwindaji wa kijiji cha mbali, ni kama milango miwili ilifungwa kwa wakati mmoja.

Jambo la tatu ni kukosa kuaminiana. Kati ya mashirika yaliyosukuma sheria ya 2013 kulikuwa Humane Society of the United States, shirika la kutetea wanyama ambalo limepinga aina nyingi za uwindaji. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilitilia mashaka kazi ya watafiti na kusema kwamba shabaha ya kweli ni uwindaji wenyewe: leo plombi, kesho bunduki. Wawindaji wengi waliamini maneno hayo.

Walikuwa na sababu nyingine ya kuumia. Tangu sheria ya mwaka wa 1937, Marekani inatoza kodi ya asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na masasi, na pesa hizo zinaenda katika kazi ya kutunza wanyama wa pori. Mwindaji akinunua pakiti moja ya masasi, tayari amechangia. Halafu anasikia akiitwa muuaji wa ndege.

Arizona ilichukua njia nyingine

Katika jimbo jirani la Arizona, ambako kondori walirudishwa mwaka wa 1996, serikali haikuweka marufuku. Tangu mwaka wa 2005, idara ya wanyama ya jimbo ilianza kuwapa bure masasi yasiyo na plombi wawindaji wanaoenda katika eneo la kondori. Anayebaki na plombi anaombwa abebe matumbo ya mnyama na kuyatoa porini, na akifanya hivyo anaingia katika bahati nasibu ya zawadi. Katika miaka mingi, zaidi ya wawindaji 8 kati ya 10 wamekubali kufanya moja ya mambo hayo mawili, bila kulazimishwa.

Hapo, kazi kubwa ilifanywa na wawindaji wenyewe. Wanawaita wenzao, wanapiga risasi ya plombi na ya shaba mbele yao, kisha wanalinganisha. Ile ya plombi imepasuka vipande. Ile ya shaba imefunguka kama ua lakini imebaki nzima. Mtu akiona hivyo kwa macho yake, anaanza kuuliza maswali mapya, hata juu ya nyama anayopelekea watoto.

Si mara ya kwanza. Katika mwaka wa 1991, Marekani ilikataza plombi katika kuwinda bata wa majini. Malalamiko yalikuwa yaleyale: vidonge vya chuma ni hafifu, vinaharibu mitutu ya zamani. Watengenezaji wakaboresha, wawindaji wakazoea. Watafiti walikadiria kwamba, kwa mwaka wa 1997 peke yake, bata karibu milioni 1,4 waliepuka kufa kwa sumu hiyo.

Kwa kondori, vita havijaisha, wala California wala Arizona. Bado wanakamatwa ili damu yao ipimwe, na wenye sumu wanapewa dawa. Kondori mmoja anaweza kuruka zaidi ya kilometa 200 kwa siku, na mzoga mmoja unaweza kutia sumu ndege wengi. Inatosha wachache wakatae.

Na sahani yetu?

Katika mwaka wa 2008, jimbo la North Dakota liliomba nyama ya kulungu ya kusaga isigawiwe maskini, kisha vipande vya plombi kuonekana ndani yake. Daktari aliyegundua jambo hilo alikuwa mwindaji. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha plombi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili, na watoto ndio wanaoumia zaidi, sababu sumu hiyo inaharibu ubongo unaokua.

Katika vijiji vya misitu yetu, kuuma kidonge cha kalibri 12 katikati ya nyama ni jambo ambalo wengi wanacheka nalo. Si jambo la kucheka. Kukata na kutupa sehemu kubwa ya nyama iliyozunguka tundu, na kutowapa watoto na mama wenye mimba nyama iliyo karibu na tundu, kunapunguza hatari, hata kama hakuiondoi yote. Na mabaki hayo yafukiwe, ili mbwa ao ndege wasiyale.

Wawindaji wa California na Arizona walionyesha kwamba mtu anaweza kubadili desturi ya mababu akionyeshwa sababu na akipata kitu kingine mkononi kwa bei anayoiweza. Akiambiwa tu kwamba yeye ni adui, atatii mbele ya mlinzi na kuendelea na yake mlinzi akigeuka. Wale wanaoandika sheria za mbuga, kule kama huku, wanaweza kuanzia hapo.