Risasi Haiulizi Miaka ya Utumishi

Walimu wa hisabati hupenda kuwaambia wanafunzi wao kwamba hesabu haina upendeleo. Mbili na mbili ni nne kwa tajiri na kwa maskini, mjini na mashambani. Sina ugomvi na usemi huo. Hata hivyo, ipo hesabu moja ifanywayo nchini Marekani, sahihi kabisa na isiyo na kosa la nambari, ambayo kila niirudiapo huniachia swali lisilo la hisabati. Ni hesabu ya fidia anayolipwa askari aliyejeruhiwa vitani, akalazimika kustaafu kwa sababu za afya kabla ya wakati wake kutimia.

Huenda msomaji akauliza: sisi na askari wa Marekani wapi na wapi? Swali hilo lina jibu. Mwaka 2009 Idara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwaandikisha jeshini wageni waliokuwa wakiishi nchini humo kihalali bila ya kuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, mradi wawe na taaluma ya tiba au wajue lugha zilizohitajiwa na jeshi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Naam, lugha hii hii ambayo baadhi ya wazazi wetu huwaambia watoto kwamba haiwezi kumnunulia mtu hata sabuni! Mpango ule uliacha kupokea watu mwaka 2016, lakini walioingia kwa mlango huo, pamoja na wenzao walioingia kwa milango mingine, wamo jeshini au wamekwisha kutoka. Yamkini yupo msomaji mwenye binamu aliyeondoka hapa kwenda kusoma akaishia kuvaa magwanda. Jamaa kama hao wanapojeruhiwa, hesabu nitakayoieleza hukalia pia karo ya wadogo zao huku nyumbani.

Wazo la kumlipa askari aliyelemaa ni la kale. Mnamo Agosti 1776, wiki chache tu baada ya kutangaza uhuru wao, wajumbe wa makoloni yale walipitisha azimio la kumpa nusu ya mshahara maisha yake yote askari aliyepoteza kiungo au asiyeweza tena kujitafutia riziki. Lakini mwaka 1891 Bunge la Marekani lilipiga marufuku mtu mmoja kupokea malipo ya jeshi na fidia ya ulemavu kwa wakati mmoja. Kwa zaidi ya karne nzima, kila dola ambayo askari mstaafu alilipwa kwa ulemavu wake iliondolewa kwenye pensheni yake. Aliyepewa kwa mkono wa kulia alinyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Mafundo ya jambo hili hutokana na kwamba mifuko ni miwili. Wa kwanza ni wa Idara ya Ulinzi, ambao hulipa pensheni. Wa pili ni wa Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, ambao hulipa fidia ya ulemavu isiyotozwa kodi. Kila idara humpima askari kwa kipimo chake. Jeshi hupima tu maradhi au majeraha yanayomfanya asifae tena kwa kazi. Idara ya wastaafu hupima kila dhara lililotokana na utumishi. Ndiyo maana mtu mmoja huyo huyo aweza kuambiwa na jeshi kwamba amelemaa kwa asilimia 60, na idara ya wastaafu ikamwambia ni asilimia 70, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Asilimia zenyewe nazo zina hesabu yake, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ataifurahia. Mwenye jeraha la asilimia 50 na jingine la asilimia 30 hahesabiwi kuwa na 80. Jeraha la kwanza limekwisha kuchukua nusu ya uzima wake. La pili huchukua asilimia 30 ya nusu iliyobaki, yaani 15. Jumla ni 65, nayo hufikishwa 70.

Tuje sasa kwenye fidia yenyewe. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2002 ilianzisha malipo maalumu kwa majeraha yatokanayo na mapigano, ili kumrudishia mstaafu kile kilichokatwa kwenye pensheni yake. Mwanzoni waliofaidika ni waliotumikia miaka 20 au zaidi. Mwaka 2004 ukaanza utaratibu mwingine, wa kuwaruhusu waliotimiza miaka 20 na wenye ulemavu wa asilimia 50 au zaidi kupokea mifuko yote miwili. Nao ulikamilika kwa awamu mwaka 2014. Waliotolewa jeshini na majeraha kabla ya miaka 20 walisubiri hadi Januari 2008 ndipo malipo yale maalumu yakawafikia, tena yakiwa na sharti. Hesabu yetu imo ndani ya sharti hilo.

Chukua kalamu. Tuseme yupo sajini aliyelipuliwa na bomu la kutegwa barabarani. Wastani wa mshahara wake wa miezi 36 iliyo mikubwa zaidi ni dola 4,000 kwa mwezi, na ametumikia miaka 10. Jeshi limempima ulemavu wa asilimia 60, kwa hiyo pensheni yake ya ugonjwa ni asilimia 60 ya 4,000, yaani dola 2,400. Idara ya wastaafu nayo imempa fidia ya, tuseme, dola 1,700, yote kwa majeraha ya bomu lile. Hapo kisu cha 1891 hushuka: 1,700 zinakatwa kwenye 2,400, pensheni inabaki 700. Anapokea 700 huku na 1,700 kule, jumla 2,400, sawasawa na kwamba ile fidia haikuwapo.

Malipo maalumu yatamrudishia kiasi gani? Akiwa mtu wa kawaida atadhani ni zile 1,700 zote zilizokatwa. La. Sheria huuliza kwanza: je, mtu huyu angelipwa pensheni kiasi gani kwa miaka yake ya utumishi peke yake, kama kwamba hana jeraha? Kila mwaka huhesabiwa asilimia 2.5 ya mshahara ule. Miaka 10 ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Hicho ndicho kikomo. Pensheni iliyobaki pamoja na malipo maalumu haviwezi kupita 1,000. Amekwisha kuwa na 700, ataongezewa 300. Jumla yake yote ni dola 2,700.

Sasa mweke kando yake askari mwingine, aliyekuwa kiti cha pili katika gari lile lile, akalipuliwa na bomu lile lile, akapimwa asilimia zile zile. Tumpe na mshahara ule ule, ili hesabu isituchanganye, ingawa kwa kweli wake ungekuwa mdogo. Tofauti ni moja tu: ametumikia miaka 4. Miaka 4 ni asilimia 10, yaani dola 400. Pensheni iliyobaki baada ya makato ni 700, ambayo imekwisha kupita kikomo. Malipo maalumu yake ni sufuri. Aliyekuwa kiti cha tatu ana miaka 18: kikomo chake ni 1,800, anaongezewa 1,100, jumla 3,500. Dereva, mwenye miaka 20, hufikia 3,700.

Bomu moja, gari moja, wodi moja ya hospitali. Lakini malipo manne: 2,400, 2,700, 3,500 na 3,700. Na aliyepata kidogo zaidi ndiye aliyekuwa kijana zaidi, ambaye ataishi na mguu wa bandia kwa miaka mingi kuliko wenzake wote.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na si haki kuwapuuza. Wao husema kwamba pensheni ni ujira wa miaka, na fidia ni malipo ya jeraha. Pensheni ya ugonjwa, ambayo ni kubwa kuliko ile ya miaka, imekwisha kuchanganya ndani yake malipo ya jeraha. Kumrudishia mtu yote ni kumlipa mara mbili kwa mguu mmoja. Kwa mantiki tupu, wamesema kweli. Yule wa miaka 4 ana 1,700 za jeraha, na katika 700 zilizobaki zimo zile 400 za miaka yake na 300 za ziada. Hakuna mwaka wake hata mmoja uliopotea.

Nimeikubali hoja hiyo kwenye karatasi, lakini bado inanikwama kooni. Sheria haimnyimi kijana huyu miaka aliyotumika. Inamnyima miaka ambayo bomu lilimzuia kuitumika. Hakuondoka jeshini kwa kuchoka wala kwa kutafuta kazi ya mshahara mnono. Aliondolewa kwa sababu ya jeraha, kisha uchache wa miaka yake, ulioletwa na jeraha lile lile, ukatumiwa kumpunguzia malipo ya jeraha. Ni sawa na mwalimu kumtoa mwanafunzi darasani katikati ya mtihani, halafu akamwuliza mbona hakumaliza maswali.

Tena si kila aumiaye jeshini huingia katika mlango huu. Aliyepimwa na jeshi chini ya asilimia 30, naye hana miaka 20, hapewi pensheni ya ugonjwa bali fungu la mara moja, kisha hutoka. Na jeraha lenyewe sharti lithibitishwe kuwa ni la mapigano. Sheria imelipanua neno hilo kiasi: risasi ya adui imo, hatari za kazi kama kuruka na parachuti zimo, mazoezi ya kuigiza vita yamo, na madhara ya zana za kivita yamo. Aliyevunjika goti akicheza mpira wa kikapu kambini atafidiwa na idara ya wastaafu, ila malipo haya maalumu hayamhusu. Wengi hukosea hapa. Huona barua yenye asilimia 70, hujumlisha harakaharaka, hupiga simu nyumbani na kuahidi kiwanja, kumbe katika zile 70 zilizo za vita ni sehemu tu.

Jambo jingine ni kwamba malipo haya hayaji yenyewe. Mstaafu ndiye ajazaye fomu na kuipeleka kwa jeshi lake alilotumikia, pamoja na kumbukumbu za hospitali na za mapigano. Asiyejua haombi, na asiyeomba halipwi. Simon Soto, aliyekuwa askari wa kikosi cha Marine, alipangiwa kule Iraki kazi ya kutafuta na kukusanya miili ya wenzake waliouawa. Alistaafu kwa sababu za afya mwaka 2006, akiwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe cha vita. Aliomba malipo maalumu mwaka 2016. Alikubaliwa, lakini malimbikizo yakahesabiwa miaka 6 tu kurudi nyuma, kwa kutumia sheria ya jumla inayoweka ukomo wa madai dhidi ya serikali. Alikwenda mahakamani kwa niaba yake na ya maelfu ya wenzake. Mnamo Juni 12, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, kwamba sheria ya malipo haya ina utaratibu wake kamili, na ukomo ule wa miaka 6 haukuyahusu.

Hukumu hiyo iligusa malimbikizo. Haikugusa kikomo cha miaka ya utumishi. Kuhusu makato yenyewe, upo muswada uliopewa jina la Meja Richard Star, aliyefariki mwaka 2021 kwa saratani iliyohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za vitani. Lengo lake ni kuwaondolea makato waliojeruhiwa katika mapigano wakastaafishwa kabla ya miaka 20. Umewasilishwa bungeni zaidi ya mara moja, na wabunge wengi wa vyama vyote viwili wameuunga mkono kwa maneno. Kila mara kikwazo kimekuwa gharama.

Kwa hiyo mwenye jamaa huko na amshauri aanze na miaka kabla ya asilimia. Azidishe miaka yake kwa 2.5, atafute asilimia hiyo ya mshahara wake, kisha aondoe pensheni iliyobaki baada ya makato. Kinachosalia ndicho kikubwa zaidi anachoweza kutarajia. Wapo ambao, baada ya kukusanya vyeti na kusubiri kwa miezi, hupokea barua inayosema kwamba majeraha yao yamekubaliwa kuwa ni ya mapigano, na kwamba kiasi watakacholipwa kwa mwezi ni dola 0.