Shamba Kwanza, Sahani Baadaye

Sisi ni watu wa Dodoma. Wageni wakija kwetu tunawapeleka Makutupora wakaone mizabibu, tunawaonjesha divai, na jioni tunamalizia kwa nyama choma. Baba Neema alipostaafu nikamwambia sasa ni zamu yetu kuwa wageni: twende Unguja, tutembee mashamba ya viungo, tule, tulale, tusikimbizwe na mtu. Akauliza kama huko nako kuna divai. Nikamjibu ipo mahotelini, lakini safari hii tunafuata karafuu.

Wengi wakishuka boti hupotelea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na shamba huliweka mwisho, muda ukibaki. Mimi nashauri kinyume. Mtu aliyekwisha kuona mti wa kungumanga hali pilau kama alivyokuwa akiila zamani.

Tulikwenda Kizimbani kwa kupitia Bububu. Kijana aliyetutembeza alitupa shikamoo, kisha akaanza kututahini: anachuma jani, analivunja, anakuletea puani, useme ni nini. Gome la mdalasini nililijua. Mzizi wake ulinishinda, maana unanukia kafuri, harufu ile ya dawa ya kuchua kifua. Kungumanga ni tunda la manjano linalopasuka lenyewe. Ndani mna kokwa la rangi ya kahawia iliyokoza, limevikwa wavu mwekundu. Wavu huo ndio basbasi, kokwa ndilo kungumanga. Vanila nayo ina madeko yake. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na nyuki wa kwao Mexico hayuko huku, kwa hiyo mtu hulichavusha kwa kijiti, ua baada ya ua. Ujanja huo aliugundua Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, akiwa mtoto wa miaka 12, tena mtumwa. Baada ya kusikia hayo sikushangaa tena bei ya vanila.

Mkarafuu ulitoka mbali, visiwa vya Maluku, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman, aliusukuma upandwe kila mahali. Waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa, wengi wao waliotolewa bara, na hilo nilitaka lisemwe palepale chini ya mti. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo, mwaka 1872, kimbunga kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Huchumwa ikiwa bado kikonyo chenye vichwa vilivyofumba, kwani ua likifunguka thamani hushuka. Kisha hutenganishwa na makonyo, huanikwa juani siku kadhaa mpaka iwe kahawia na kavu.

Hapo karibu, Kidichi, kuna hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Kuta zimechorwa maua na ndege kwa chokaa. Ndani kuna ubaridi. Dakika chache zinatosha.

Chakula cha mchana tulikila palepale shambani, tumekaa mkekani: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha. Baba Neema alikuwa amevishwa tai ya ukuti wa mnazi na hakuivua mpaka tuliporudi mjini.

Viungo hatukununua kule. Pakiti za watalii ni ndogo na bei yake kubwa. Ni nafuu zaidi kesho yake asubuhi sokoni Darajani, penye lile jengo la mwaka 1904, ukapimiwa kwa mizani huku ukinusa. Iliki ikiwa haina harufu, iache. Kutoka hapo tukaingia ndani ya Mji Mkongwe hadi Jaws Corner, ambako wazee hucheza dhumna na kunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Baba Neema alijiunga na mjadala wa siasa kana kwamba amezaliwa hapo. Nilimwacha, nikaenda zangu kutafuta urojo.

Urojo hauelezeki kwa haraka. Ni mchuzi mzito wa unga, manjano yakiupa rangi na embe bichi au ukwaju ukiupa ukali. Humo hutiwa viazi, bajia, kachori, mshikaki, chatne ya nazi na chipsi za muhogo juu, kisha pilipili kadiri ya uwezo wako. Nilikula bakuli mbili nimesimama. Kwangu mimi hicho ndicho chakula bora cha mji ule, kuliko hata pweza wa bustani ya Forodhani usiku. Forodhani nendeni, lakini kwa upepo wa bahari na sharubati ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Samaki ulizeni bei kabla hajawekwa motoni.

Wanaotaka kuona karafuu ikianikwa waende kuanzia Julai na kuendelea. Mwezi wa Ramadhani mchana watu hawali hadharani, basi anayesafiri kwa ajili ya chakula achague mwezi mwingine, au awe tayari kula baada ya magharibi, wakati wenyeji wanapofuturu na mji mzima unanukia iliki.