Tope la Mwilini na Hati ya Nasaba

Mwenyeji wa Gatumba aliyeona mwaka 2020 mto Rusizi ukivunja kingo zake, na ziwa Tanganyika nalo likipanda hata maji yakalala ukumbini, hahitaji tabibu wa kumfunza kwamba tope likisha kukauka ukutani halitamki lilikotoka, la mto au la ziwa. Walakini mwenye nia ya kuyazuia maji ya mwaka ujao hana budi alijue hilo kwanza.

Amiloidosisi ni tope la namna hiyo. Protini isiyokunjika sawasawa hugeuka nyuzi zisizoyeyuka, nazo hutuama moyoni, katika mafigo au katika mishipa ya fahamu, hata kiungo kikakakamaa na kushindwa na kazi yake. Chemchemi zake ni zaidi ya 30: moja ni uboho wa mifupa, pale seli zake zinapotoa vipande vya kingamwili kupita kiasi, nyingine ni maradhi ya muda mrefu, mfano wa kifua kikuu kilichoachwa miaka, na nyingine ni transthairetini, protini itokayo katika ini, ambayo huharibika ama kwa uzee tu, ama kwa hitilafu ya jeni aliyoirithi mtu kwa mzazi.

Ili kulithibitisha tope, matabibu huchukua kinofu cha nyama, hukitia rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, kisha hukitazama kwa hadubini yenye nuru maalumu, ambamo nyuzi hung'aa kijani, kama alivyoonyesha Paul Divry wa Liège, Ubelgiji, mwaka 1927. (Rangi hiyo haina lolote la Kongo ambayo watu wa Gatumba huitazama ng'ambo ya mpaka; Wajerumani walioiuza mwaka 1885, mwaka ulipokwisha Mkutano wa Berlin, waliazima tu jina lililokuwa kinywani mwa kila mtu.) Lakini rangi ni shahidi wa tope, si wa chemchemi, chemchemi hubainika kwa kuipima protini yenyewe iliyomo katika kinofu.

Ndipo inapokuja hati ya jeni, na ndipo wengi hupotea. Ikisema hitilafu imeonekana, imetoa habari ya nasaba, haijatoa habari ya moyo. Miongoni mwa Waamerika Weusi, 3 au 4 katika kila 100 hubeba hitilafu moja ya transthairetini yenye asili ya Afrika Magharibi, na wako wanaokufa wazee bila ya kudhurika nayo. Basi mwenye kuibeba aweza pia kuwa na tope la uboho, na kwa sababu hiyo damu na mkojo hupimwa hata kama jeni imekwisha kusema. Kinyume chake kiliandikwa London mwaka 2002: katika wagonjwa 350 waliodhaniwa kuwa na tope la uboho, 34 walionekana ni warithi, ambao dawa kali za uboho zisingaliwafaa kitu.

Jeni ikiwa salama nayo haimwachilii mtu, maana tope la uboho na la uzee halirithiwi.

Mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na ndugu wawili wenye hitilafu hiyo ya Afrika Magharibi wakilinganisha hati zao, mmoja akasoma V122I na mwenziwe Val142Ile, wasihuzunike kwamba wamepewa maradhi mawili: ni hitilafu ile ile, ila hesabu mpya ya viungo vya protini huanzia 20 nyuma.