TUBAKI NA BAISKELI IPI?

Na Bwana Shamba, Gwarama

Ukipita katika vijiji vya Gwarama utaona nyumba nyingi zina baiskeli zaidi ya moja. Moja imeegemezwa ukutani. Ya pili iko nyuma ya jiko, haina gurudumu la mbele. Ya tatu iko stoo, na kuku hulala juu yake. Mwenye nyumba akiulizwa atajibu kwamba ana baiskeli tatu. Lakini siku ya gulio ikifika, mtu wa nyumba hiyo huenda kwa jirani kuazima.

Jambo hili lina historia yake. Zamani vijana wengi wa Buha walikwenda Tanga kukata mkonge. Watu waliwaita manamba. Kijana aliyerudi na baiskeli alionekana kuwa hakupoteza miaka yake bure. Baadaye fedha za kahawa, tumbaku na maharage zilileta baiskeli nyingine. Zilikuja Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza. Zilikuja Phoenix kutoka Shanghai, China, na Hero na Avon kutoka Ludhiana, India. Na sisi Tanzania tulikuwa na Swala yetu. Miaka ya karibuni zimeingia za mitumba zenye gia. Baiskeli ya kale haitupwi. Mwenyewe akifa, mwanawe huirithi, hata kama imebaki fremu tu.

Ndugu msomaji, baiskeli haili majani, lakini inakula fedha. Inataka tairi, tyubu, spoku, mnyororo, breki na mafuta. Mwenye baiskeli tatu na fedha za kutunza moja huanza kuzivua. Huchukua pedali ya hii akaitia ile. Huchukua tyubu ya ile akaitia hii. Mwisho anazo tatu, na hakuna inayofika Kakonko na kurudi.

KAYA MOJA YACHAGUA

Kaya moja ya hapa kwetu ilifika mahali pa kuchagua. Nilikuwa nimekwenda kuwaonyesha namna ya kung'oa mihogo iliyopigwa na batobato, na nikakuta kikao cha nyumbani. Binti yao alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni katika mkoa mwingine. Ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa na Serikali mwaka 2022. Lakini godoro, tranka, sare na nauli havikuondolewa. Mihogo waliyoitegemea ilikuwa imeharibika. Walikuwa na mbuzi wawili na baiskeli tatu.

Baba alitaka kuuza mbuzi. Mama akasema, "Baba watoto, mbuzi huzaa. Wewe umeona lini baiskeli ikizaa?"

Basi ikaamuliwa kwamba baiskeli mbili ziuzwe na moja ibaki. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ya kwanza ilikuwa Raleigh ya marehemu babu, mweusi wa mkonge. Ina magurudumu ya 28, breki za vyuma, na kengele inayosikika bonde zima. Ya pili ilikuwa Phoenix, nayo ni ya 28. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba mihogo, ndizi na madumu ya maji. Keria yake ilichomelewa na fundi kwa nondo. Ya tatu ilikuwa ya gia, ya mtumba, iliyoletwa na kijana wao mkubwa kutoka Kahama.

Baba alisema ibaki Raleigh. Kijana alisema kwa simu ibaki ya gia. Mdogo wa mwisho alisema zibaki zote, akaambiwa akachote maji.

ANAYESUKUMA NI NANI?

Wengi huchagua baiskeli kwa kumfikiria mpandaji. Lakini milima yetu unaijua. Mtu mwenye gunia la mihogo la kilo 80 hapandi. Anasukuma. Hufunga gunia kwenye keria, akafunga na fimbo ya kushikia, kisha akainama na kwenda. Hivyo hivyo ndivyo walivyofanya wananchi wa Vietnam mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu. Walisukuma baiskeli zenye mizigo ya kilo 200 na zaidi porini na milimani, wakiwa wamerefusha usukani kwa mianzi. Wafaransa waliokuwa wakipigana nao hawakutegemea kwamba chakula na risasi vingefika kwa njia hiyo.

Katika kaya ile nikauliza ni nani anayesukuma. Watoto wote wakamtazama mama.

Mama akasema, "Mimi sijui kupanda, Bwana Shamba. Nasukuma. Ile ya gia ni fupi, na gunia linanigonga kisigino. Ya babu ni nzuri kwa kwenda kanisani. Hii ya mihogo haijawahi kuniangusha."

Kwa maoni yangu maneno hayo yalitosha. Lakini katika nyumba ya mume na mke na mtoto mwenye simu, jambo haliishi kwa maneno matatu. Kwa hiyo tulizitoa zote uani, tukazipindua miguu juu, tukaanza kuzikagua.

KUIKAGUA BAISKELI

Kwanza angalia fremu. Futa vumbi na mafuta, hasa pale mabomba yanapokutana karibu na pedali, na pale uma wa mbele unapoingia kwenye shingo. Ufa hujificha chini ya uchafu. Ukiona mstari mwembamba wenye kutu, piga kwa ukucha. Kama ukucha unakwama, huo ni ufa. Tairi hununuliwa na mnyororo hununuliwa, lakini fremu iliyopasuka shingoni humwangusha mtu mteremkoni bila kumpa habari. Kuchomelea kunasaidia kwa muda tu, maana moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba pembeni mwa kovu.

Pili zungusha gurudumu na utazame likipita kati ya mipira ya breki. Likiyumba kidogo, fundi atalinyoosha kwa kukaza spoku. Likiruka juu na chini, rimu imepinda, na hiyo ni kazi nyingine. Hesabu spoku pia. Baiskeli nyingi kubwa za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Spoku mbili zikikatika leo, kesho zinakatika nne.

Tatu vuta mnyororo pale unapozunguka gia kubwa ya mbele. Ukiinuka hata ukaona meno yote chini yake, mnyororo umechoka, na huenda meno nayo yamekwisha. Kutia mnyororo mpya juu ya meno yaliyokwisha ni kupoteza fedha. Utaruka tu.

Halafu soma tairi. Hapa nataka tuende polepole, maana watu hutapeliwa au hujitapeli wenyewe. Ubavuni mwa tairi kuna namba. Baiskeli kubwa huandikwa 28 x 1½, na mara nyingi 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, kwa milimeta. Ndiyo namba ya kuamini. Baiskeli ya gia yenye tairi pana huandikwa 26 x 1.95, na namba yake ni 559. Ziko pia baiskeli za kizamani zenye 26 x 1⅜, na namba yake ni 590. Zote mbili dukani huitwa "ishirini na sita". Lakini 590 ukitoa 559 unabaki na milimeta 31. Tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine hata ukilipiga nyundo. Kwa hiyo nenda dukani na tairi la zamani mkononi, au na namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Kujua kusoma kunaleta faida hapo.

Katika uwanja ule tuligundua jambo moja. Raleigh na Phoenix zote ni 635. Maana yake tairi na tyubu za moja huingia nyingine. Ya gia haikuweza kusaidiana na yoyote.

NA GIA JE?

Sitaki kuisema vibaya baiskeli ya gia. Kijana alikuwa na haki kuitetea. Tupige hesabu. Phoenix ile ina meno 44 mbele na 20 nyuma. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2 na kidogo, na baiskeli husogea karibu meta 5. Kwenye mlima, meta 5 kwa mzunguko mmoja ni nzito. Ya gia, ukiweka meno 28 mbele na 28 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja. Unasogea meta 2 tu, lakini mguu haulalamiki. Mwalimu anayekwenda shule ya mbali bila mzigo atafurahi nayo.

Lakini ile mashine ya kuhamisha mnyororo nyuma inaning'inia karibu na ardhi. Masika, kati ya Novemba na Aprili, tope na majani huingia humo. Ikigonga jiwe inapinda. Mafundi wetu wengi wanaijua baiskeli ya kawaida kama viganja vyao. Ya gia wengi wao hufunga mnyororo kwenye jino moja, wakasema imepona. Kwa nyumba yenye baiskeli moja tu, chombo kinachohitaji fundi wa mjini si chombo cha kubakiza.

Habari ya breki ni ndefu, nitasema kwa ufupi. Za vyuma hazikatiki ovyo kama waya, lakini rimu ya chuma ikilowa mvua hazishiki vizuri. Basi mwenye mzigo mteremkoni ashuke atembee. Tangu lami ilipoanza kuwekwa kwenye barabara kuu ya Kakonko na Kibondo, magari yanakuja kwa kasi tusiyoizoea. Kipande cha kioo chekundu nyuma ya keria si pambo.

YA BABU

Ya gia iliuzwa kwanza. Aliinunua mwalimu mmoja, tena kwa bei nzuri. Kijana alinung'unika, lakini fedha zilikuwa kwa ajili ya dada yake, akanyamaza.

Ikabaki Raleigh. Tulipoifuta tuliona ufa chini, pale mabomba yanapokutana. Ulikuwa umezibwa zamani kwa shaba na umefunguka tena. Mzee aliupitisha ukucha mara tatu. Hakusema neno. Ile ndiyo baiskeli aliyobebewa yeye akiwa mtoto, akienda kuchanjwa. Nadhani hakuna bwana shamba wala mtu mwingine anayeweza kumwambia mtu ni lini aachane na kitu kama hicho. Tulizungumza habari za mihogo mpaka jua likazama.

Baada ya wiki moja alimwita fundi mwenyewe. Tairi la nyuma la Raleigh lilikuwa zima kuliko la Phoenix, likahamishwa. Spoku nzima zikafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa akiba. Kengele nayo ikahamia kwenye Phoenix. Vilivyobaki fundi alivinunua kama vipuri, baada ya kuonyeshwa ufa. Jambo hilo la kuonyesha ufa nililipenda. Yuko mtu ambaye angepaka rangi na kuuza.

Kuhusu kuuza, andikeni. Fremu ina namba iliyogongwa, mara nyingi kwenye bomba chini ya kiti, au chini pale pedali zinapopita. Iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la muuzaji, la mnunuzi, bei na tarehe. Mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Baiskeli iliyoibwa Kibondo inaweza kuuzwa Kakonko asubuhi yake, na anayekutwa nayo ndiye anayeulizwa.

NI YA NANI?

Lilibaki swali moja, na aliyeliuliza ni binti mwenye safari. "Hii inayobaki ni ya nani?" Baba akasema ni ya nyumba. Binti akasema nyumba haina jina. Alikuwa amesoma shuleni habari za Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Tena inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huhesabiwa kuwa yake, mpaka uje ushahidi mwingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, hisa zao huhesabiwa kuwa sawa.

Watu wengi husikia habari hizi wakafikiri ni za mashamba na nyumba za bati tu. Lakini jiulize, mume akifa, ndugu huanza kuchukua nini? Huanza na kile chenye magurudumu. Mjane anabaki na gunia na hana cha kulipeleka sokoni.

Mzee alifikiri kidogo, akaomba kalamu. Katika daftari la nyumba yakaandikwa majina mawili, na la mama likatangulia, kwa sababu ndiye anayesukuma. Namba ya fremu ikaandikwa chini yake. Mwenyekiti akatia sahihi.

Binti aliondoka mwezi wa Julai na tranka lake, na hadi stendi tranka lilibebwa na Phoenix. Ukutani kwa mkaa wameandika zamu. Siku ya gulio ni ya mama. Jumapili ni ya baba. Siku nyingine ni za maji na za shamba, na mdogo wa mwisho anapewa Jumamosi jioni ili ajifunze kupanda akiwa amepitisha mguu chini ya bomba. Mpaka tunaandika habari hii, zamu hiyo ilikuwa imevunjwa mara mbili, na mara zote mbili ni baba.